Likelemba ya Maneno

Walisema sitaweza. Mama Ngalula, aliyeuza bitoyo kwenye njia ya kwenda bombani, alisema ulimi wangu umelala kama wale samaki wake wa chumvi, na hakuna maji yatakayouamsha. Katekista alisema Kiingereza kinataka midomo myembamba, na mimi Mungu alinigawia ya kupigia tarumbeta. Mbuyi, rika langu, ambaye nililala naye kwenye mkeka mmoja mwaka ule mzima, hakwenda mbali hivyo. Alisema tu mbele za watu, huku anatafuna: "Kazadi? Kingereza? Huyu hata Kifaransa inamukimbia!" Wakacheka wote. Basi niseme mapema, ili msomaji asisumbuke kusubiri: niliweza. Nina diploma mbili za Kiingereza, zote nimezipata kwa jasho langu, bila baba wa kunisukuma wala mjomba serikalini. Nimeifundisha lugha hiyo miaka mingi upande wa pili wa mpaka, na nimewasahihisha wenye lugha yao wakiwa wamekaa mbele yangu, nao wakaandika nilichosema.

Lakini Lubumbashi haisomi diploma. Mwezi uliopita nilirudi kwa matanga ya huyo huyo Mbuyi. Nilishuka uwanja wa ndege wa Luano nikiwa na suti ya kijivu na tai, nikapelekwa moja kwa moja hadi parcelle yake, ua wa nyumba uliofunikwa turubai, viti vya plastiki vimefika hadi barabarani. Nilikuwa sijaketi bado. Bibi mmoja ambaye sikumtambua, mwenye meno ya kuhesabika, akaninyooshea kidole: "Ee bantu! Flit amefika! Flit mwenyewe!" Watu wazima wakageuka. Wajukuu wa Mbuyi wakanitazama kama mtu aliyetoka ndani ya kisa cha kuchekesha, maana kumbe marehemu alikuwa akiwasimulia miaka yote hiyo. Binti yake mkubwa akaniletea sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akapiga goti kidogo: "Baba, usikasirike. Papa alikuwa nakupenda sana." Nikamshukuru. Nusu ya maisha yangu nimeitumia kulifuta jina lile, na hapa linanipokea kabla ya mtu kuniuliza nimesafiri vipi. Nikakaa na sahani magotini, nikimkasirikia mtu aliyelala ndani ya sanduku, na mwaka ule ukanirudia mzima mzima, na vumbi lake na matope yake.

Ya wazazi wangu nayaacha, hayahusiki. Ulikuwa wakati wa secession, Katanga ilipojitenga na Kongo ikawa na bendera yake na askari wake, na mji bado unaitwa Elisabethville. Sisi tulioitwa watu wa Kasai, hata tuliozaliwa tunaliona bomba la moshi la kiwanda cha shaba kila asubuhi, tulikuwa tumegeuka wageni ghafla. Majirani tuliokula nao Krismasi walianza kututazama kwa kuhesabu vitu vyetu. Tukakimbilia pembeni ya mji, karibu na kambi ya askari wa kigeni wenye kofia za buluu, na hapo ikaota kambi yetu sisi: vibanda vya matawi, vya makaratasi ya sanduku, vya madramu yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Kibanda chetu kilikuwa cha Papa Ntumba, aliyekuwa karani wa reli. Alituchukua mimi na Mbuyi kwa sababu tulikuwa vijana wawili wasio na mtu. Kuta zilikuwa za madramu. Jua likipanda, ndani tuliiva. Katikati palikuwa na jiwe moja la kukalia, na hilo lilikuwa la mzee. Jioni tulikula bukari ya unga wa msaada, wa njano, ambao wanawake waliusonga huku wakiulaani, na kitoweo kilikuwa bitoyo moja kwa watu watatu. Mbuyi alijua kumega tonge kubwa na kuligusisha samaki kidogo tu, ili samaki abaki na wote waone kwamba yeye hana ulafi. Nilimchukia kwa tabia ile. Mpaka leo sijui kama nilikuwa sawa.

Habari ilipozagaa kwamba wale askari watachukua vijana wanaojua Kiingereza, Papa Ntumba akafungua kitambaa chake na kutoa kamusi. Ilikuwa ya Kiingereza kwa Kiingereza, nene, jalada limeliwa na mende. Aliipata zamani alipokuwa anapokea mizigo kutoka Rhodesia. Vijana wa mistari yote ya vibanda vya kambi wakaja kuitaka. Kila mmoja anamwita papa, kila mmoja ana sababu. Mzee akachoka kelele. Akachukua kisu cha mkate, akaikata kamusi mgongoni kama mtu anayekata nyama ya sikukuu, akagawa mafungu. "Sasa munyamaze," akasema. "Kila mutu na kipande yake. Kila siku ya Mungu, kisha misa, munabadilishana." Mbuyi alipata fungu la R hadi S. Mimi nilipata D hadi H. Na kubadilishana hakukuwepo. Siku ya Mungu, yaani Jumapili, ilifika, kila mtu akasema kipande chake kina mvua, kina mafuta, amekiacha kwa shangazi. Mtu aliyepoteza nyumba hashindwi kukumbatia karatasi.

Basi nikajifunza Kiingereza cha D hadi H. Nilikariri jinsi tulivyokariri katekisimu, kwa sauti, nikitembea. Na ndipo nilipokutana na neno flit. Sikulipenda mara moja. Kamusi ilisema ni kwenda namna fulani, lakini yale maneno mawili yaliyoeleza namna yenyewe, moja lilikuwa kwenye L na jingine kwenye Q. Maana ya neno langu ilikuwa imekaa mikononi mwa watu wengine! Nilizunguka siku nzima kuomba. Mwenye L alitaka nimchotee maji. Mwenye Q, kijana mwembamba wa mstari wa chini, alitaka nimbembeleze tu, nami nikabembeleza. Jioni nilikuwa nimejua: wepesi na upesi. Kwenda kwa wepesi na upesi, yote ndani ya mdomo mmoja. Kwetu tungesema alipita, halafu mkono unakata hewa na mdomo unasema fya! Hawa Waingereza hawakuhitaji mkono. Nilifurahi kama mtu aliyepewa baiskeli. Nikaliendesha kila mahali. Ndege aliyerukaruka juu ya kinu: flit. Mama Ngalula akienda kwa miguu yake mizito kutoka moto hadi moto: flit. Moshi wa kiwanda, lori la unga, padri aliyechelewa misa, wote flit. Mbuyi alilala chali kwenye mkeka akicheka hadi anakohoa. "Na mawe ya bomba ya moshi nayo ina-flit, Kazadi? Na Papa Ntumba akienda kule nyuma, ana-flit?" Mzee akamtupia kandambili.

Halafu tangazo likaja la kweli. Kapteni mmoja wa Kihindi, mwenye kilemba na ndevu zilizofungwa vizuri kwa wavu, alitaka mkalimani wa meza ya malalamiko, pale ambapo watu wa kambi walileta shida zao: kupigwa, kuibiwa, kupotelewa. Atakayechukuliwa angepata karatasi ya kutoka na kuingia kambini, na akifanya kazi vizuri, nafasi kwenye lori la kwenda Mokambo, mpakani, pamoja na neno zuri la Kapteni kwa mapadri wenye shule ng'ambo ya mpaka. Niliitaka kazi ile kuliko unga wa njano. Kulikuwa na vijana waliotaka kutoka kambini. Mimi nilitaka kutoka nikiwa naelekea darasani. Lakini ningewezaje kusimama mbele ya Kapteni na herufi tano? Nikaenda kwa mmoja mmoja kuomba vipande, nikarudi mikono mitupu, na siku hiyo nilipiga teke ukuta wa dramu hadi Papa Ntumba akaniuliza kama nina nyumba nyingine ya kumjengea.

Aliyetutoa pale ni Mama Ngalula. Yeye ndiye aliyeshika likelemba ya unga ya wanawake: kila mmoja anatoa kopo lake siku ya mgao, mmoja anabeba yote, siku nyingine mwingine, hadi wote wamekula. Aliyekula wa kwanza ana deni kwa kila mtu mpaka mwisho, na akilipwa, mdai husema kwa sauti mbele ya wote, "Nimekula." Bila neno hilo deni halijafa. Alitusikia tukigombana karibu na beseni lake la bitoyo, akasimama, mikono kiunoni. "Banaume bazima munaogopa kupana maneno! Mukitoa neno, iko nabaki mu kichwa yenu, haiende. Unga njo inaenda. Mufanye likelemba!" Tukaangaliana kama mbuzi. Ilikuwa kweli. Tukakubaliana: siku ya Mungu kila mmoja analeta maneno kumi ya kipande chake, mmoja anayabeba yote, na wiki nyingine ni zamu ya mwingine. Zamu zilichaguliwa kwa vijiti. Kijiti changu kilikuwa cha mwisho kabisa. Nikapiga magoti, mimi ninayeandika haya, nikaomba niwe wa kwanza, kwa kuwa Kapteni angetuita wiki ile. Mbuyi alikuwa wa kwanza kupinga, ingawa yeye pia alikuwa ameomba kazi ileile. "Atakula, kisha ataruka na maneno yetu," akasema. "Tutamupata wapi? Mu Rhodesia?" "Hataruka," akasema Mama Ngalula. "Na akiruka, minajua kwenye alilala."

Wakaleta. Na hapo ndipo nilipojua watu. Mwenye A alileta maneno mazuri, yenye afya. Mwenye L alinipa matano mazuri na matano ya kujazia. Mbuyi akasimama, akatoa kifua kama mtu anayesoma waraka kanisani, akaanza na rhubarb. Halafu akaleta jina la ugonjwa wa ngozi, na jina la umbo la hesabu, na jina la wadudu, na kila alipotaja moja aliniangalia machoni akiwa na uso mtakatifu kabisa. Mama Ngalula alikuwa hajui kusoma, lakini alijua harufu ya unga ulioharibika. "Mbuyi. Ile ya kwanza njo nini?" "Njo majani, mama. Bazungu banapikaka na sukari." "Uliisha kuiona?" "Apana, mama." "Askari kule ku mulango, unaweza kumuambia majani ile akuelewe?" Mbuyi akakuna shingo. "Hii iko unga ya badudu," akasema Mama Ngalula. "Mu likelemba yangu hatupokeake. Toa ingine." Watu wakapiga makofi, na Mbuyi, akiwa amenuna, akatoa barabara, mvua, bunduki, mto, kukimbia, na mengine ya kula. Kwa hiyo msomaji aelewe: nilipokwenda kwa Kapteni, neno la kukimbia nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo mfukoni, la Mbuyi, la kawaida, analolijua kila mlinzi. Lakini nilikuwa na langu.

Meza ilikuwa chini ya turubai la jeshi, maji ya mvua yamejaa juu yake kama tumbo. Kapteni aliniambia jaribio langu ni kazi yenyewe: mtu wa kwanza kwenye foleni, nitafsiri. Wa kwanza alikuwa Mama Tshala, mshonaji, mama mkubwa mwenye sauti ya chini, aliyekimbia kutoka mjini akiwa na cherehani kichwani na kuacha kila kitu kingine. Sasa cherehani imeibwa. Alisema hivi, nakumbuka kila neno: "Balikuya bane. Fya! Balibeba mashini. Fya! Balienda. Miye nilibakia na nguo ya bantu mu mikono." Na kila aliposema fya, mkono wake ulishuka. Nikajinyoosha. Nikamwambia Kapteni, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, kwamba wanaume wanne waliingia wakifanya flit, wakachukua cherehani, wakatoka wakifanya flit. Kapteni akaacha kuandika. "Walikuwa watu wadogo?" akauliza. Nikasema hapana, bwana. "Walikuwa na furaha?" Nikasema sijui, bwana. "Cherehani ilikuwa nzito?" Ya chuma, bwana, na meza yake. Sajini aliyesimama nyuma akaanza kutikisika mabega. Kapteni mwenyewe akajizuia, halafu akashindwa. "Kwa hiyo ninaandika," akasema, "kwamba vipepeo wanne wameiba cherehani." Na wote wakacheka, hadi mlinzi wa mlangoni, hadi Mbuyi aliyekuwa wa pili kwenye foleni ya kujaribiwa na ambaye alielewa neno moja tu kati ya yote, lakini ndilo lililotosha.

Mama Tshala alituangalia mmoja mmoja. "Banacheka miye?" akaniuliza kwa sauti ndogo. Nilichofanya ni kuvuta fungu langu kutoka kifuani, nikafungua F, nikaweka kidole kwenye neno, mbele ya afisa, na kumwambia kwamba mimi sikubuni kitu, imeandikwa. Alisoma. Akanirudishia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kicheko. "Imeandikwa," akasema. "Lakini kamusi imekuambia neno hili linafanya nini. Haikukuambia linakaa na nani. Ndege, ndiyo. Wezi wenye mzigo wa chuma, hapana." Akafunga daftari. Alimchukua Mbuyi siku ileile kwa kazi ya mlangoni, kusema simama na pita, kwa sababu Mbuyi alipojaribiwa alisema walikuja, walichukua, walikimbia, maneno yaliyonyooka kama fito. Meza ya malalamiko ikabaki bila mtu. Na cherehani ya Mama Tshala haikutafutwa, kwa maana mambo yaliyochekewa asubuhi hayatumiwi askari mchana.

Nimeishi na hasira ile muda mrefu, na nikiipima leo naona ilikuwa na haki. Nani alinifundisha kwamba maneno ya watu wale yana makao? Papa Ntumba alijua maneno ya mizigo tu. Nilikuwa nimefanya kila nilichoambiwa: nimekariri, nimebembeleza, nimepiga magoti mbele ya samaki wa chumvi. Jioni ile Mbuyi alirudi na kopo la nyama ya askari, akalifungua katikati yetu, akamega tonge kubwa na kugusisha kidogo. "Kula, Flit," akasema. Ndiyo siku nilipobatizwa. Nilikula, kwa sababu nilikuwa na njaa, na kila tonge nililolimeza nililimeza pamoja na jina. Usiku, nikiwa nimelala na uso ukutani, nilisikia wadai wangu wakizungumza nje kwenye moto wa jirani. "Maneno yetu imelala bure." "Kazi hana, atalipa na nini?" "Atatulipa na bipepeo." Na mmoja, nadhani mwenye Q, akasema, "Muache. Yeye alinibembeleza muzuri."

Asubuhi nilikwenda mlangoni. Si kwa Mbuyi. Nilikaa upande wa pili wa kizuizi, juu ya gunia la mchanga, pale walinzi waliponiruhusu. Nilikuwa nimeamua kuuliza swali jingine. Sikuuliza tena neno hili maana yake nini. Niliuliza: nani anafanya hivi? Na nani hawezi? Walidhani nimechanganyikiwa, lakini askari akiwa zamu yuko tayari kuzungumza hata na gunia. Waliniambia ndege mdogo ana-flit, kipepeo, popo. Tembo hapana. Mbwa hapana, hata akiwa mwepesi. Tabasamu linaweza kufanya flit usoni mwa mtu, likaja na kuondoka kabla hujalishika. Wazo linaweza, kichwani. Macho yanaweza, kutoka sura hadi sura. Mtu mzima anaweza, lakini hapo kuna lawama kidogo: ni yule asiyetulia, leo kazi hii, kesho nyingine. Na askari mmoja mwenye nywele nyekundu, wa kikosi kingine, alipiga paja na kusema kwamba kwao mtu anayehama nyumba kwa siri bila kumlipa mwenye nyumba naye anafanya flit. Niliruka kutoka kwenye gunia. Wezi basi wanaweza! Nilikimbia hadi kwa Kapteni kumdai haki yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. "Huyo anahama na vitu vyake," akasema. "Na bado tunamcheka kidogo. Wewe uliniletea mama aliyeibiwa. Ulitaka nimcheke?"

Sikutaka. Na deni langu kwa mama huyo, sasa ninapolisema, ndilo jambo ambalo hata wadai wangu hawakuniuliza. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mama Tshala. Alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda chake, anashona kwa mkono, sindano inakwama kwenye kitambaa cha gunia, kazi ya wiki nzima kwa vazi moja. Hakunikaribisha kuketi. "Ulikuya kucheka tena?" Nikamwambia, "Apana, mama. Niko naomba munielezeko. Ile fya yenye mulisema, iko ya namna gani?" Akanitazama kama mtu anayetafuta mtego. Halafu akachukua ukingo wa kitambaa, akakitia meno, akakipasua kwa nguvu kutoka juu hadi chini. Fya! Nyuzi zikaning'inia pande zote mbili. "Ile," akasema. "Kintu ilikuwa moya. Haukukamata pumuzi bado, ikakuwa mbili. Utarudisha namna gani?" Nikasimama pale nikiwa mjinga kabisa. Sauti ile nimeitumia tangu nilipoanza kuongea. Nilikuwa nimesikia upesi wake tu, nikauongezea wepesi wa kwangu, kwa sababu wepesi ndio niliokuwa nao mfukoni na nilitaka watu wauone.

Nikamwomba turudi wote wawili mezani. Alikataa mara moja, akakataa tena, akakubali kwa kukasirika, akiwa amekishika kitambaa kile mkononi. Kapteni alipotuona alikunja uso, lakini alifungua daftari. Mama Tshala akasema yaleyale, fya ileile, na safari hii nilimwacha amalize kabla ya kufungua mdomo. Nikamwambia Kapteni kwamba wanaume wanne waliingia kwa kishindo wakati anashona. Kwamba walijua cherehani iko wapi. Kwamba iling'olewa mbele yake jinsi kitambaa kinavyopasuliwa, kabla hajapata pumzi ya kupiga kelele, na amebaki ameshika nguo za watu zisizokwisha. Yalikuwa maneno ya Mbuyi, ya mwenye A, ya mwenye L, maneno ya mkopo yote. La kwangu hata moja halikuwemo. Hakuna aliyecheka. Kapteni aliandika, akauliza ni mstari gani, mlango unaelekea wapi, akamwita yule sajini. Sajini na askari wake walitoka kabla ya chakula cha mchana. Cherehani ilipatikana mistari mitatu mbele, kichwa chake tu. Meza ya miguu ilikuwa imekwishauzwa. Mama Tshala alikipigilia kichwa juu ya sanduku la sabuni, akawa anazungusha gurudumu kwa mkono. Hakunishukuru. Aliniambia kola ya shati langu ni aibu, akaigeuza.

Kazi nikapata. Nilikaa kwenye meza ile miezi kadhaa, na sijivuni nikisema kwamba foleni ilirefuka kwa sababu yangu, watu walipojua kwamba maneno yao yanafika upande wa pili yakiwa na uzito wao. Jina la Flit halikuondoka. Nililikasirikia kila siku, na Mbuyi mlangoni alilitangaza kwa kila aliyekuja: "Malalamiko? Enda kwa Flit, pale." Kisha mvua zikaisha, na Kapteni akaniambia lori la Mokambo linaondoka kesho yake, nafasi yangu ipo, na neno lake kwa mapadri lipo. Nilikwenda kumuaga Mama Ngalula nikidhani atafurahi. Alikuwa anageuza bitoyo juani, hakuinua kichwa. "Haukulipa bote," akasema. Nikamwambia zamu zao hazijafika zote, nitatuma kutoka kule. "Mu likelemba hatutumake. Mutu mwenye naenda, analipa bote siku moya, anasimama, bantu banasikia. Ao haendake."

Wakakusanyika baada ya misa, mbele ya kibanda chetu cha madramu, wote niliokula kwao na bado sijawalipa, na Papa Ntumba akatolewa na jiwe lake. Nikasimama. Nilianza na mwenye A. Nilimpa kumi, lakini sikumpa mifupa mitupu; kila neno nililitoa na watu wake, nani anaruhusiwa kulifanya, nani akilifanya atachekwa, ukilisema kwa askari atakuelewaje, ukilisema kwa padri je. Jua lilinichoma utosi. Mwenye A akasema, "Nimekula." Mwenye L akasema amekula. Mwenye Q akasema amekula vizuri, akaketi chini akirudia maneno kwa midomo bila sauti. Koo langu lilikauka, Mama Tshala akanipa maji kwenye kopo, nikaendelea, na mmoja baada ya mwingine wakalisema neno lile mbele ya Mama Ngalula, naye aliinama kila mara kama anayepokea unga.

Mbuyi alijiweka wa mwisho. Alikuja kutoka mlangoni na kofia ya kazi kichwani, akakunja mikono. Nikampa kumi lake. Nililichagua kwa muda mrefu kuliko la mtu yeyote, na halikuwa na mdudu hata mmoja. Mama Ngalula akauliza, "Mbuyi?" Mbuyi akaangalia juu, akatafuna meno yake, akaacha watu wote wasubiri, na mimi nikaliona lori likiondoka bila mimi. "Nimekula," akasema mwishowe. Watu wakashusha pumzi. "Lakini sijashiba." Wakaangua kicheko, hata mzee juu ya jiwe. Mama Ngalula akasema deni limekufa, atakayelifufua atapambana naye. Lakini mimi nilimwita Mbuyi arudi, nikamwongezea neno moja juu ya kumi, la bure, mbele ya wote, ili asije akapata pa kusema, popote, kwamba Kazadi alilipa sawasawa tu.